Plot tatu, gorofa sita, na sisi tuna grupu ya WhatsApp tu: tuanzie wapi?

*"Mimi nakaa upande wa Kira, hapa Wakiso, tangu 2009. Mtaa wetu ni nyumba za chini za familia, plot za 50 kwa 100, barabara ya murram, na kila mtu ana septiki tenki yake. Mwezi uliopita kuna mtu alinunua plot tatu zilizofuatana akabomoa nyumba zilizokuwepo, tunasikia anajenga apatimenti gorofa sita, nyumba 48. Mabati ya kuzungushia yameshasimama ila hakuna kibao chochote. Chini yetu kuna chemchemi ambayo wapangaji wengi wanachota maji. Tulienda kwa chairmani wa LC1, baraza la kijiji, akasema mtu ana taito yake, atajenga anavyotaka. Tumefungua grupu ya WhatsApp, tuko watu 87, tumeshachanga shilingi laki nane za kuandikisha chama ili tumzuie. Wengine wanasema tuandikishe NGO, wengine kampuni, wengine wanasema bila loya tunapoteza muda. Wapangaji wanasema hayawahusu, na sisi tunaoongea Kiswahili tunaambiwa ni watu wa kuja tu, tukae kimya. Mimi ni mama wa watoto wanne, sijawahi kuongoza kitu. Tuanzie wapi?"*

Mama, kwanza hiyo laki nane msimpe mtu yeyote. Bado. Si loya, si yule kijana anayejua watu wa kuandikisha haraka haraka. Iweke mahali watu watatu wanaiona, halafu tuongee.

Nikikusoma naona maswali mawili yamevaa nguo moja. Moja ni chama, la pili ni lile jengo. Watu wengi wanadhani chama kikishapata cheti basi jengo litasimama, kwa hiyo wanamaliza miezi mitatu wakibishania jina la chama na nani awe treasurer, siku cheti kinatoka jamaa ameshamwaga slab ya pili. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja. Cheti hakizuii tipa la mchanga. Kwa hiyo mimi nakwambia mwanze na faili, chama kije kinakua hapo pembeni mkiwa tayari mnafanya kazi.

Lakini kabla ya faili, lile neno la chairmani. Ati mtu mwenye taito anajenga anavyotaka. Si kweli, na si kosa la chairmani peke yake, nusu ya nchi inaamini hivyo, hasa kwenye ardhi ya mailo, ile ya umiliki wa kudumu, ambapo mtu anajiona mfalme wa kipande chake. Taito inasema ardhi ni ya nani, basi. Tangu Physical Planning Act ya 2010 nchi nzima ya Uganda ni eneo la mipango, mjini na kijijini, na kila anayetaka kuendeleza ardhi anatakiwa apate ruhusa ya kamati ya mipango ya mahali pale, kwenu ni pale manispaa. Akitoka hapo bado kuna kibali cha ujenzi, hicho kinatokana na Building Control Act ya 2013, na jengo likiisha kuna kibali cha watu kuingia kukaa. Hesabu milango hiyo: ruhusa ya mipango, kibali cha kujenga, kibali cha kukaa. Kila mlango una ofisa wake na karatasi yake, na kila karatasi inaweza kuulizwa. Kibao hakipo saitini? Inawezekana ni uzembe tu, inawezekana pia hana kitu mkononi. Kutoka nje ya mabati huwezi kujua, unajua ukiwa ofisini.

Na LC1 mumwelewe vizuri pia. Hana mamlaka ya kutoa kibali cha gorofa sita wala ya kukifuta, kwa hiyo kumkasirikia kwa sababu hakusimamisha ujenzi ni kumwonea. Lakini msimtupe. Mnamhitaji kwa mkutano, mnamhitaji kwa barua inayothibitisha kwamba nyinyi ni wakazi wa pale, na kwenye ile kamati yake ya watu kumi kuna katibu wa mambo ya uzalishaji na mazingira, ambaye mara nyingi hajapewa kazi hata moja tangu achaguliwe. Muulizeni jina lake. Mpeni kazi hii. Wazee wenu wanaokumbuka mayumba kumi watakwambia ujirani wa kuulizana habari haukuanza na WhatsApp.

Sasa faili. Kuna Access to Information Act ya 2005, inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Andikeni barua kwa taun klaka, yaani mkuu wa ofisi za manispaa, ukurasa mmoja, mkitaja plot kwa namba zake kama mnazijua au kwa kueleza ilipo, muombe kuona maombi ya ruhusa, plani zilizowasilishwa, maamuzi ya kamati kama yapo, na kama kuna tathmini ya mazingira iliyopelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Chapisheni nakala mbili. Moja inabaki rejista, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na pembeni uandike kwa kalamu jina la aliyeipokea. Hiyo nakala yenye muhuri itunze kama cheti cha ubatizo cha mtoto, maana baadaye mtu akisema hatukujua, ndiyo itakayoongea. Kitu kimoja: haki hiyo sheria inampa raia, kwa hiyo kama kati yenu kuna majirani Wakongo au Wakenya, na upande wenu najua wapo, barua isainiwe na raia wa Uganda. Hao wengine wana kazi nyingine, nitawafikia.

Mkipewa faili msishangae michoro, hata mimi mwanzoni ilinitisha. Tafuteni vitu vichache tu. Gorofa ngapi na nyumba ngapi, maana mara nyingine kwenye karatasi ni gorofa tatu na saitini zinapanda sita. Umbali kutoka ukuta wa jengo hadi fensi zenu. Paking. Na maji taka yanaenda wapi. Halafu mumuulize plana wa manispaa swali moja: mpango wa eneo hili unaruhusu nini hapa, na kama matumizi yamebadilishwa, yalibadilishwa lini.

Hapa kwenye maji taka naomba ukae na mimi kidogo kwa sababu ndipo penye uzito wote. Nyumba 48, weka watu wanne kila nyumba, ni watu 192. Kila mtu akitumia lita 80 kwa siku, na hiyo ni kwa mtu anayebana maji, unapata lita zaidi ya elfu kumi na tano kila siku ya Mungu zinazotoka kwenye lile jengo. Bomba kubwa la maji taka kwenu halijafika, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kampala na Wakiso. Kwa hiyo zinaingia kwenye septiki tenki, uchafu mzito unazama chini, maji yanatoka upande wa pili kwenda kwenye shimo la kunyonya, na kutoka hapo ni udongo ndio unaofanya kazi ya kuchuja. Udongo una kiasi chake. Ukiumwagia maji ya familia sita unayameza taratibu, vidudu vinakufa njiani. Ukiumwagia maji ya watu 192 kwenye plot tatu unashiba, na mvua za Machi na zile za Septemba zikiukuta umeshiba maji hayana pa kwenda ila kutafuta njia ya chini kwa chini kufuata mteremko. Na chini ya mteremko wenu kuna nini? Chemchemi. Magari ya kunyonya yapo, na kuna pa kumwaga kihalali, kama mtambo wa Lubigi na ule wa Bugolobi, lakini gari la lita elfu tano lingepaswa kuja mara tatu kila siku kama tenki linakusanya tu bila kutoa. Nani anayelipa hiyo? Hakuna. Watafungulia usiku mvua ikinyesha, yapite kwenye mtaro mbele ya geti lako.

Basi hilo ndilo jambo lenu. Mimi nimekaa kwenye vikao vya kamati, nikuambie ukweli, kamati haihesabu sahihi kama kura. Niliwahi kuona petisheni ya sahihi mia tatu na ushee, imeandikwa kwa wino mwekundu ati wananchi hatutaki, ikapita mezani dakika mbili. Siku hiyo hiyo mzee mmoja, fundi cherehani, alileta ukurasa mmoja: picha ya chemchemi ikiwa na madumu ya njano yamepanga foleni, umbali aliopima kwa futi kamba kutoka pale hadi shimo la tenki kwenye plani, na swali, haya maji yataenda wapi. Mjadala wa mzee yule ulichukua nusu saa na mwombaji akarudishwa akachore upya. Kutokutaka kwenu hakuna kifungu cha kukushughulikia. Umbali wa tenki kutoka kwenye maji ya kunywa unacho kifungu.

Fanyeni hesabu ya paking hivyo hivyo. Plot tatu za futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 1,400. Gari moja ukihesabu na nafasi ya kugeukia linakula kama mita 25. Nusu ya nyumba zikiwa na gari ni magari 24, mita 600, karibu nusu ya ardhi yote, na jengo lenyewe bado hujaliweka. Kama kwenye plani paking ni kumi, hayo mengine yatalala kwenye barabara yenu ya murram. Hiyo inaeleweka na mtu yeyote.

Sasa ukweli ambao hautawafurahisha. Kumzuia kabisa asijenge, mimi naona ni vigumu, na sijui kama ni haki pia. Wilaya yenu mwaka 2014 ilihesabiwa watu kama milioni mbili, sensa ya 2024 ikakuta zaidi ya milioni tatu na laki nne. Hao watu wanalala wapi? Kila mtu akijenga nyumba ya chini na bustani ya mipapai tutafika wilaya ya jirani ya Luweero, na mabonde yote ya maji tutakuwa tumeyajaza kifusi, kama ambavyo tumeanza. Gorofa kwenyewe si dhambi. Na kwenye hao watu 87 wa grupu yenu, kumi watauza plot zao kwa mjenzi mwingine ndani ya miaka mitano bei ikipanda, usiwachukie, ni watoto wanaenda chuo. Mnachoweza kupigania na mkashinda ni gorofa zipungue, jengo lisogee mbali na fensi, mtambo mdogo wa kusafisha maji taka badala ya shimo, paking ndani, mtaro wenye kalvati nzuri, tipa zisipite saa za watoto kwenda shule. Mkienda na hayo mnaonekana watu wazima. Mkienda na hatutaki mtaambiwa mnaogopa wapangaji, na kwa wengine wenu itakuwa kweli.

Jambo jingine la aibu kidogo. Kabla hamjaandika barua ya kwanza jiangalieni wenyewe. Nyumba zenu zina plani zilizopitishwa? Fensi ya nani imekula barabara? Nani ana boyizikota, kile kibanda cha uani, imegusa ukuta wa jirani? Loya wa mjenzi atakuja na kamera siku ya kwanza. Na mkipima maji ya chemchemi, na nawashauri mpime sasa hivi kabla hajachimba, maabara ya NWSC, shirika la taifa la maji, pale Bugolobi wanapima kwa malipo, msishtuke mkikuta tayari yana vidudu vya choo, kwa sababu septiki zenu za tangu 2009 nazo zinavuja. Majibu hayo mnayahitaji hata kama yanawauma, bila ya kipimo cha kabla hamtaweza kuonyesha kilichobadilika baada.

Haya, chama. NGO hamhitaji, huo ni mzigo wa ripoti na vibali kwa watu ambao shida yao ni mtaa mmoja. Kampuni isiyo na hisa, ile ya kudhaminiwa na wanachama, inaandikishwa URSB, ofisi ya serikali ya kuandikisha makampuni, inaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake na kumiliki mali, nzuri kama mnaona mtakuja kuwa na ofisi na mradi, lakini inataka hesabu na ripoti za kila mwaka. Kwenu mimi ningesema CBO, yaani chama cha jamii cha mahali, inaandikishwa wilayani kupitia kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, mnapeleka katiba, minitsi za mkutano wa kuanzisha, orodha ya viongozi na wanachama, barua za LC. Ile laki nane ikiwa na akili itatosha na itabaki. Na siku ile ile ya mkutano wa kwanza, hata kabla ya karatasi yoyote, mna haki ya kukusanyika na kuchagua watu watano wa kuandika barua, Katiba ya nchi kifungu cha 29 haikusema mpaka uwe na muhuri.

Katiba yenu iwe kurasa mbili tatu, kwa lugha ambayo watu wanaongea. Karatasi za manispaa zitakuwa Kiingereza, sawa, lakini mkutano mkiufanya Kiingereza mtabaki walimu na wahasibu. Ufanyeni Luganda na Kiswahili, mtu mmoja akitafsiri. Wanaokuambia wewe wa kuja, waambie umekaa hapo tangu 2009, una mlango, una choo, unakunywa maji yale yale. Na wapangaji waandikwe wanachama kamili wenye kura, si wasikilizaji. Umeniambia mwenyewe wao ndio wanachota chemchemini, hamna shahidi mzuri kuliko mwanamke anayeteka madumu manne kila asubuhi saa kumi na mbili, awe Mganda, awe Mkongo. Hao niliosema wana kazi, kazi yao ndiyo hiyo, waandike daftari: rangi ya maji, harufu, siku ya mvua. Acheni pia mlango wazi kwa watakaonunua zile apatimenti, zikiuzwa moja moja kwa sheria ya kondominiamu ya 2001 watakuwa na chombo chao, kama watu wa Bugolobi flats, na mwaka wa tatu mtahitaji kukaa nao mezani kuhusu taka.

Pesa. Vyama vya mtaa vinafia kwenye mobile money ya mtu mmoja. Si lazima awe mwizi, mtoto wake anaugua usiku, anakopa kidogo, hajarudisha, basi. Akaunti ya benki, wasainaji watatu, risiti hata ya elfu mbili, na hesabu zinabandikwa kwenye grupu kila mwisho wa mwezi.

Kuhusu hiyo grupu, jua kwamba kati ya watu 87 mjenzi ana ndugu au fundi wake mle ndani. Mipango iongelewe uso kwa uso. Matusi na tuhuma za rushwa bila ushahidi msiziandike, zinaweza kuwafikisha mahakamani. Mabati yake msiyaguse, barabara msifunge kwa mawe. Na akianza kuita mmoja mmoja, ati mwenyekiti njoo tunywe soda, wekeni kanuni leo: hakuna anayekutana naye peke yake, wanaenda watatu na wanarudi na minitsi. Atawapa mchango wa kalvati, atawapa taa. Kalvati chukueni, ila iandikwe kwamba hainunui ridhaa.

Loya mtamhitaji, ila si wa kuandikisha. Nendeni kwake mkiona mojawapo ya haya: siku 21 zimepita kimya, au faili inaonyesha ruhusa imetolewa na nyinyi mnaona imekosewa, au ujenzi unaendelea bila ruhusa na ofisi imeandikiwa na haijafanya kitu. Msichelewe hapo, kwa sababu kuomba High Court ipitie uamuzi wa ofisi ya umma kuna muda wa miezi mitatu tangu sababu ilipotokea, na mahakama itauliza kwanza kama mlipita ngazi za rufaa za mipango. Kama chama bado hakina cheti loya atawaonyesha njia ya watu wachache kusimama kwa niaba ya wengi, na kifungu cha 50 cha Katiba kinaruhusu mtu au kikundi kwenda mahakamani kwa ajili ya haki za wengine. Hiyo si kazi ya kujaribu na barua ya kunakili.

Injinia naye aje mwenyewe kwa macho siku akianza kuchimba karibu na fensi zenu, hasa kama ni kwenda chini kwa ajili ya paking. Ukikata udongo wima mita tatu, mita moja kutoka msingi wa jirani, ukauacha wazi mvua ikaingia, ukuta wa jirani unatembea. Wiki hii, kila nyumba inayopakana na saiti ipige picha kuta zake ndani na nje, kwa tarehe. Palipo na ufa tayari, wekeni alama ya penseli pale ufa unapoishia na muandike tarehe pembeni yake, ukutani pale pale. Ufa ukipita alama, hama chumba hicho usiku huo huo na umpigie injinia wa manispaa asubuhi, usingoje mkutano.

Jumatatu ni taun klaka na nakala mbili. Jumamosi kabla yake nendeni chemchemini na futi kamba, mchukue na yule katibu wa mazingira wa LC1.